Je, Wajua? Doa la Kikombe Huanzia Kisimani

Je, wajua kwamba ule utando wa kahawia ulioshika ukingo wa kikombe chako ndani yake mna chokaa? Maji yanayopita kwenye miamba ya chokaa huyeyusha kalisi na bikaboneti, yakaja nazo hadi bombani. Yakichemshwa na kutiwa majani, kalisi hiyo hushikana na rangi ya chai juu kabisa ya kinywaji, pale kinapogusana na hewa. Ndiyo ile ngozi nyembamba inayong'aa juu ya chai iliyosahauliwa mezani. Unapoinamisha kikombe ili unywe, ngozi hiyo hugandama ukingoni, na kila funda huacha duara lake.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Mara nyingi nimeona mabinti wa kazi wakigombezwa kwa sababu ya vikombe vyenye weusi, wakaambiwa hawajui kuosha. Wanajua. Sabuni ya vyombo kazi yake kubwa ni kuondoa mafuta, na doa la chai si mafuta.

Je, wajua kuwa mmoja wa waliofumbua fumbo la utando huo baadaye aliongoza chuo kikuu hapa Afrika Mashariki? Mwaka 1993 Michael Spiro wa Imperial College, London, pamoja na mwanafunzi wake Deogratius Jaganyi, walichapisha makala fupi katika jarida la Nature wakiuliza ni nini hasa kinachosababisha utando juu ya chai. Jaganyi ndiye aliyekuja kuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Thika. Walichokuta ni hiki: chai ya maji yasiyo na madini haina utando. Kalisi bila bikaboneti haileti utando. Vikikutana viwili hivyo, utando unatanda. Maziwa huuongeza. Asidi huuzuia. Na chai kali sana huwa na utando mdogo kuliko chai ya kawaida, kwa kuwa majani yenyewe yana asidi yake.

Sasa unajua kwa nini kikombe cha chai ya rangi iliyokamuliwa ndimu huoshwa mara moja kikatakata, na cha chai ya maziwa kilicholala usiku kucha kinakutoa jasho.

Je, wajua kwamba mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, waliupima utando huo kwa vyombo vya kupimia ugumu wa nyuso za vimiminika? Waliona kuwa maji yakiwa na chokaa nyingi, utando unakuwa mgumu kiasi cha kupasuka vipande vipande, mithili ya barafu juu ya bahari ya nchi za baridi. Kitazame kikombe chako cha chai iliyopoa, ukitikise kidogo, utaiona mipasuko hiyo kwa macho yako.

Je, wajua kuwa Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya matumbawe ya kale? Matumbawe ni chokaa tupu. Maji ya kisima kilichochimbwa humo lazima yawe magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Maji ya vijito vya milimani, yanayopita kwenye miamba ya volkano, kwa kawaida ni laini zaidi, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri takribani hayana chokaa kabisa. Kipimo cha nyumbani hakihitaji maabara: sabuni ikikataa kutoa povu upesi, jua na kichujio chako kitashika weusi upesi.

Je, wajua kwamba jani la chai likichumwa halina rangi hiyo ya kahawia hata kidogo? Ni kijani, kama mchicha. Kiwandani likishapondwa, vimeng'enya vyake hukutana na oksijeni ya hewa, nalo hugeuka rangi ya shaba, kisha hudhurungi. Rangi zinazozaliwa hapo zinaitwa theaflavini na thearubijini, na ndizo unazozisugua asubuhi. Tena chai nyingi ya kwetu husindikwa kwa mashine za kuponda, kurarua na kuviringa, mtindo ulioanza Assam, India, mwaka 1930. Mashine hizo hutoa punje ndogondogo zinazotema rangi haraka. Chai nzuri kwa maziwa, chai inayokolea kwa dakika mbili, na kwa sababu hiyohiyo chai inayotia doa kuliko ile ya majani makubwa.

Rangi hizo ni jamaa wa tanini za magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa ng'ambo kutoka pwani yetu, na za magome ya miwati ya Njombe, yote kwa kazi ya kulainisha ngozi za wanyama. Tanini hupenda kushika protini na haiachi kirahisi. Kinacholinda kiatu chako kisioze kina undugu na kinachong'ang'ania meno yako.

Je, wajua basi kwamba maziwa huchafua kikombe lakini hulinda meno? Mtu husikia akadhani ni kichekesho, lakini ni kweli. Juu ya jino pana ngozi nyembamba ya protini za mate, na rangi ya chai huishika hiyo. Ukitia maziwa, protini yake iitwayo kaseini huidaka rangi kabla haijafika kwenye jino. Kikombe hakina protini wala mate. Kwake yeye maziwa ni mzigo tu unaoongezwa juu ya chokaa.

Je, wajua jaribio dogo litakalokufundisha usafi wa vyombo vyote vya chai? Mimina chai ya rangi kwenye glasi mbili. Moja ikamulie ndimu, nyingine itie chembe za magadi. Ya ndimu itapauka palepale. Ya magadi itakuwa nyeusi. Huko Kashmir wana chai wanayoichemsha kwa magadi mpaka, ikishatiwa maziwa, inakuwa ya waridi. Rangi ya chai huifuata asidi na alikali kama kinyonga, na zaidi ya hapo, kwenye alikali huyeyuka vizuri zaidi majini.

Basi shika hili, maana ndiyo kazi yote. Doa lina vitu viwili: jiwe, yaani ile chokaa, na rangi. Jiwe huondolewa kwa asidi, yaani ndimu, limau, siki au ukwaju. Rangi huondolewa kwa alikali, yaani magadi au bikaboneti, ile soda ya unga ya kuumulia keki. Ukiloweka kikombe kwenye maji moto yenye soda ukaona maji yamekuwa meusi kuliko ulivyotarajia, usishtuke ukayamwaga. Rangi inatoka.

Je, wajua kwamba kuchanganya siki na soda pamoja, jambo linalosifiwa kila mahali, ni kupoteza vyote viwili? Lile povu linalochachama linafurahisha macho. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka huku asidi na alikali zikiuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi hafifu yasiyo na nguvu ya hii wala ya ile. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Je, wajua kichujio huoshwa kuanzia upande gani? Upande wa nyuma. Makapi na maziwa huingia kwenye matundu kutoka ndani, kwa hiyo ukisugua kutoka ndani unazidi kuyashindilia. Kigeuze, piga maji kutoka nje, na yawe maji ya baridi kwanza. Maji ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye nyuzi kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Kikishatoka maziwa, weka kijiko kimoja kikubwa cha soda kwenye nusu lita ya maji moto, kitumbukize kwa nusu saa, kisha mswaki wa zamani utamaliza kazi kwenye ukingo na pale mpini unaposhikana na wavu, mahali ambapo weusi hujificha miaka. Kama baada ya hapo bado pana ukoga mweupe-kijivu, hiyo ni chokaa iliyobaki. Ndimu moja inaitosha. Vile vichujio vidogo vya kufunga kama yai, vya kutumbukizwa kikombeni, vioshwe vivyo hivyo, ila vilazwe vikiwa wazi, na bawaba zake zikaushwe.

Hayo ni kwa kichujio cha stenlesi. Cha nailoni kina habari nyingine. Nailoni hunywa rangi kama kitambaa kinachotiwa rangi dukani kwa fundi, kwa hiyo kikishakuwa kahawia hakirudi kuwa cheupe kamili, na hakuna kosa katika hilo. Safi si lazima kiwe cheupe.

Je, wajua kuwa mikoba ya majani ya chai ilipewa hataza Marekani tangu mwaka 1903? Waliopewa ni wanawake wawili wa Milwaukee, Roberta Lawson na Mary McLaren, kwa kibeba-majani cha kitambaa cha pamba. Lengo lao lilikuwa kutengeneza kikombe kimoja bila kupoteza majani ya buli zima. Faida nyingine ilikuja yenyewe: hapakuwa na kichujio cha kusugua.

Je, wajua kwamba chai ikikutana na chuma hugeuka wino? Bibi yangu alikuwa na vikombe vya bati, vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Kimoja kiliwahi kuanguka sakafuni kikabanduka rangi chini, pakawa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kila tulipokinywea chai, kidonda kile kilikuwa cheusi tititi, na weusi ulitambaa kuzunguka. Nilikisugua kwa nguvu zangu zote za utotoni na kikazidi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Kikombe cha bati ni chuma kilichovikwa kioo. Kioo kikitoka, chuma kinabaki uchi, na tanini ikigusa chuma hutoa rangi nyeusi ya aina ileile iliyotumika Ulaya kwa karne nyingi kuandikia vitabu na hati za wafalme, kwa kuchanganya tanini za mimea na chumvi ya chuma. Nilikuwa nikisugua wino. Na kwa kusugua nilikuwa nikifichua chuma zaidi.

Ndiyo maana nasisitiza: usitumie stilwaya kwenye vikombe. Nyuzi zake hukatika, zikabaki kwenye mikwaruzo, zikashika kutu, kisha chai ya kesho ikazipaka wino.

Je, wajua kipimo cha kujua kitakachokwaruza na kisichokwaruza? Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10. Chumvi ya mezani haifiki 3. Soda ya unga nayo iko hukohuko. Kioo kinachofunika kikombe cha kauri kiko kati ya 5 na 6. Mchanga wa kawaida, ambao wengi wetu tulifundishwa kuusugulia sufuria, ni 7. Kwa hiyo chumvi na kipande cha limau vinaweza kusugua kauri siku nzima bila kuiumiza, na mchanga huichora mara ya kwanza tu. Mchoro huo huuoni, lakini chai huuona, na doa linalofuata huingia ndani zaidi. Dodoki kavu ni salama kabisa. Makumbi ya nazi pia. Majivu laini yaliyochekechwa, ambayo yana alikali yake ya asili, yalikuwa dawa nzuri ya wazee wetu na bado ni dawa nzuri, ilmradi yasiwe na mchanga.

Je, wajua kwa nini sufuria ya alumini huwa nyeusi ukiichemshia magadi? Alikali huila alumini. Sufuria ya chai ya alumini isiguswe na soda wala magadi. Chemshia maji yenye maganda ya limau au ukwaju kwa dakika kumi, nayo itarudi kung'aa. Ukwaju huohuo, kwa asidi yake, ndio unaorudisha mng'ao wa shaba nyeupe ya madele ya kahawa ya pwani.

Magadi ya mawe yasuuzwe vizuri popote utakapoyatumia. Yale yanayotoka Ziwa Natron yana floraidi nyingi, na floraidi ndiyo inayowatia wenyeji wengi wa Arusha na vitongoji vyake madoa ya kahawia kwenye meno tangu utotoni. Watu huwadhania kuwa hawapigi mswaki. Nao pia wameonewa, kama mabinti wa vikombe.

Je, wajua kuwa chupa ya chai haikubuniwa kwa ajili ya chai? James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, aliibuni mwaka 1892 ili kuhifadhia gesi zilizopoozwa mpaka zikawa vimiminika. Wajerumani ndio walioileta sokoni mwaka 1904 kwa jina la Thermos, ambalo sisi tumelifanya themosi. Ndani yake mna kuta mbili za kioo chembamba zilizopakwa fedha, na katikati yake hewa imenyonywa. Kioo hicho kinavunjika ukikiingizia brashi yenye waya, na kinavunjika pia ukikimiminia maji yanayotokota kikiwa baridi.

Kwa hiyo themosi husafishwa kwa kutikiswa. Tia konzi moja ya mchele mbichi, maji ya uvuguvugu hadi robo, na siki vijiko viwili vikubwa. Funika, tikisa dakika mbili, mwaga, suuza. Mchele husugua bila kukwaruza. Wengine hutumia maganda ya mayai yaliyopondwa, nayo yanafaa, ila usiyatilie siki. Ganda la yai nalo ni chokaa, kwa hiyo siki italishughulikia ganda badala ya doa. Maganda yaende na maji ya sabuni tu.

Na kama una mzee nyumbani mwenye meno ya bandia, vidonge vyake vya kusafishia meno vinafanya kazi nzuri kwenye themosi. Kidonge kimoja kwenye maji ya moto kiasi, kilale usiku. Kinatoa oksijeni inayovunja rangi yenyewe, bila kusugua popote. Unga wa kung'arisha nguo usio na klorini, unaotumia oksijeni, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na ndio siri ya sabuni za mashine za kuoshea vyombo. Vikombe vilivyogandishwa chai kwa makusudi ni mojawapo ya mitihani ya kawaida wanayopewa watengenezaji wa sabuni hizo maabarani.

Je, wajua ni kitu gani hupaswi kukifanya kamwe? Usichanganye jiki na siki, wala na ndimu, wala na limau. Asidi hufukuza gesi ya klorini kutoka kwenye jiki, gesi ileile iliyotumika kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jikoni haitakuwa nyingi kiasi hicho, lakini jiko dogo lisilo na dirisha linatosha kumpeleka mtu hospitali. Jiki pia huila stenlesi, ikaitoboa vishimo vidogo. Kwa vichujio, iache kabisa.

Je, wajua kuwa wapo wanaolitunza doa? Katika mji wa Yixing, jimbo la Jiangsu, China, hufinyangwa mabuli ya udongo wa zambarau yasiyopakwa kioo. Wenyewe huyasuuza kwa maji moto tu. Sabuni haiyagusi, kwa kuwa udongo ule una vinyweleo, na sabuni ikishaingia hutoka pamoja na chai. Utando wa miaka ndani ya buli la namna hiyo ni sifa kwa mwenye nalo. Kama umeletewa zawadi ya buli la udongo mtupu, usilisugue.

Je, wajua kwa nini waonjaji wa chai hutumia vikombe vyeupe pee? Rangi ya chai ni sehemu ya hukumu yao. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969 hutegemea macho na ndimi za watu hao, na kikombe chenye doa hudanganya macho. Hata kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103 iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, hutaka chombo cha kauri nyeupe, gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, na dakika 6.

Je, wajua, mwisho, dawa isiyogharimu hata shilingi? Utando unapokuwa bado umelowa haujashika. Hushika unapokauka. Kikombe kinachosuuzwa kwa maji matupu mara tu chai inapoisha, na kichujio kinachopigwa maji kabla mtu hajakaa kunywa, huenda wiki nzima bila kuhitaji ndimu wala soda. Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika, nayo haipaswi kumsubiri mtu mwingine. Wewe uliyemaliza kunywa, nyanyuka ukasuuze kikombe chako.